Kiinua Mgongo

Walinilipa mwezi wa nne,
baada ya kuniambia "njoo kesho" miaka miwili na nusu.
Kiinua mgongo, ndivyo walivyoiita,
mimi niliyeinamia mizani ya katani
tangu sijaota ndevu.

Wanangu wakakaa kikao bila mimi.
Mmoja: bodaboda tatu, kila jioni hesabu mkononi.
Mwingine: bati, nyumba ya Pongwe inavuja.
Kitindamimba akataka kuku wa kisasa.
Nikawaitikia wote, ndiyo, ndiyo,
nikavaa kofia, nikapanda baiskeli
hadi Chumbageni, kwa mjane wa karani Mntangi.

Kilikuwa bandani, kimefunikwa kanga iliyochujuka maandishi:
Fiati mia sita, rangi ya maziwa yaliyolala,
kifupi kiasi kwamba kuku hupanda juu bila kupiga bawa.
Nikafunua boneti. Hamna kitu!
Tairi la akiba na kiota cha panya.
Mjane akacheka mpaka akashika ukuta.
"Injini iko nyuma, baba.
Hiki hakivuti. Kinasukuma."

Nikazunguka. Kijiinjini kama cherehani,
kimepakwa grisi kila Krismasi na kila Pasaka,
ingawa mwenyewe yu kaburini mwaka wa tisa.
"Bei?" Akataja. Nikataja yangu.
Akanitazama magoti.
"Kaa kwanza," akasema, "halafu tubishane."

Nikakaa.

Niseme nini? Nimekalia mbao, magunia,
tandiko la Finiksi lililonisaga kama deni.
Kiti kile kilikuwa na bonde la mtu mwingine
nami nikaenea humo
kama mguu katika kiatu cha ndugu.
Magoti yakapata pa kwenda.
Kiuno kikanyamaza, chenyewe, bila dawa ya kuchua.
Nikalipa bei yake. Nilisahau kubishana.

Fundi Chambuso, Barabara ya Kumi na Nne,
akakipa betri, plagi, mkanda na matusi ya mapenzi.
Mlango wa kushoto tu ulimshinda:
haufunguki mpaka mtu awe nje.

Mke wangu Mwantumu alikuja na mto wa sufi
na uso wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.
Akaingiza makalio, kisha kichwa, kisha lawama.
Bega lake likagusa langu,
maana hapakuwa na pengine pa kuliweka.
Tukaenda hivyo, polepole, tukapita Bombo,
tukashika njia ya Raskazone,
baiskeli zikitupita, moja imebeba kitanda.
Mwenye kitanda akatupungia.

Sikuongeza mwendo. Nikimbilie nini?

Akaniangalia. Akaendelea kuniangalia
mpaka nikadhani nina punje ya wali shavuni.
"Miaka thelathini na mmoja," akasema,
"umenipakia nyuma. Sokoni, kliniki, misibani.
Mgongo wako naujua, kila shati, kila kiraka,
na jasho linapoanzia.
Sikujua kwamba ukiwa njiani midomo inacheza."
"Nahesabu."
"Nini?"
"Marobota."
"Mpaka leo?"
"Mpaka leo."
"Umefika ngapi?"
Nikamtajia.
Akanyamaza tukamaliza kona,
kisha akaanza yeye pale nilipoishia,
kwa sauti, kama anahesabu vitumbua.

Tulipofika nikashuka, nikazunguka,
nikamfungulia mlango.
Vijana waliokuwa ukutani wakapiga makofi:
Mzee anapenda huyo!
Kumbe ni kitasa.

Jana Chambuso kaniambia kipuri kimepatikana, kiko Mombasa.
Nimemjibu hela imekwisha.
Si uongo sana.
Bati nitanunua, nyumba ya Pongwe haijahama.
Kwa sasa tumesogeza kitanda.